Mhadhiri Haokotwi kwenye Orodha ya GPA

Kuna imani iliyokita mizizi katika vyuo vikuu vyetu, nayo ni hii: mwanasayansi kijana akishafaulu vizuri, akasoma mpaka uzamivu, akachapisha makala mbili tatu, basi kazi ya kumwandaa imekwisha. Kufundisha atajua akifika darasani. Kusimamia wanafunzi wa uzamili atajua akipewa wa kwanza. Kuomba fedha za utafiti atajua siku zikimwishia. Na kwa kuwa kufundisha kunakuja kwenyewe, ushauri anaopewa na wakubwa wake ni mmoja: usipoteze muda na darasa, chapisha.

Wanaoutoa ushauri huo si watu wabaya. Wengi ni walezi wanaowatakia mema vijana wao, na wanaijua vizuri kamati ya kupandisha vyeo na mambo inayoyatazama. Lakini ushauri wenyewe ni mbaya, imani inayouzaa si ya kweli, na wanaolipa gharama yake hawamo kwenye vikao vinavyoamua mambo haya. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, na baada yao ni vijana wale wale wanaoshauriwa.

Tazama jinsi mhadhiri anavyopatikana Tanzania. Kijana anamaliza shahada ya kwanza akiwa na GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Anaomba, anasailiwa, anaajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi. Wenyewe wanaitana TA. Kwa cheo chake kazi ni semina na maabara, chini ya mhadhiri mwenye kozi. Kwa hali halisi ya idara nyingi, mwenye kozi yuko masomoni, au amestaafu, au ana kozi nyingine nne. TA anapewa flashi yenye slaidi, anaonyeshwa ukumbi, na Jumatatu anasimama mbele ya mamia ya watu ambao mwaka jana tu alikuwa akikaa nao kwenye vimbweta vya kujisomea. Anafanya anachokijua: anasoma slaidi. Kisha anakwenda kusoma uzamili, anarudi mhadhiri msaidizi. Kisha uzamivu, pengine Sweden, pengine Afrika Kusini, pengine China, miaka minne au mitano ya kukaa maabara na msimamizi wake. Anarudi, anaitwa mhadhiri, anapewa kozi nne na wanafunzi kumi wa kusimamia.

Katika safari yote hiyo amepimwa mara nyingi mno. Amepimwa kwa mitihani, kwa pendekezo la utafiti, kwa tasnifu, kwa utetezi wa tasnifu mbele ya watahini. Lakini kwa walio wengi haikutokea hata mara moja mtu mzoefu akakaa nyuma ya ukumbi, akamtazama akifundisha saa nzima, kisha wakakaa wawili kuzungumza ni wapi darasa lilimwelewa na ni wapi lilimpotea. Sehemu kubwa ya kazi atakayoifanya kwa miaka thelathini haikuwahi kutazamwa na yeyote.

Hakuna taaluma nyingine nzito tunayoiendesha namna hii. Anayetaka kufundisha kidato cha kwanza anasomea ualimu, na anakwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha, ambako mkaguzi anaingia darasani na daftari lake. Daktari aliyemaliza miaka mitano ya udaktari bado anafanya mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini kabla ya kusajiliwa. Mwanasheria mwenye shahada hawi wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2007. Mwalimu huyo, daktari huyo na mwanasheria huyo wote wamefundishwa chuo kikuu na mtu ambaye hakuna aliyemwuliza kama anajua kufundisha.

Najua jibu la kwanza litakalokuja, kwa sababu huja kila mara: sisi wenyewe tulifundishwa hivyo hivyo, na tumefika. Ni kweli, mmefika. Lakini ushahidi wa waliofika hauwezi kutosha. Aliyerudishwa kwenye mtihani wa sapu mara tatu katika kozi ile ile, na aliyefeli akadisko mwaka wa pili akarudi kwao Sumbawanga, hawamo kwenye chumba cha wahadhiri kutoa ushahidi wao. Wanaobaki kuuelezea mfumo ni wale ambao mfumo haukuwadhuru, tena wengi wao ni watu ambao wangeelewa somo hata wakipewa kitabu na kufungiwa chumbani. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemwajiri kwa GPA yake. Ni mtu ambaye, kwa kipaji chake chenyewe, ana uzoefu mdogo kuliko wote wa kutokuelewa.

Tena tuangalie imani hii ilizaliwa katika mazingira gani. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi hawakufika 20. Katika chumba cha watu hao, msomi aliyejua somo lake aliweza kufundisha bila kufunzwa kufundisha. Asiyeelewa alionekana usoni. Swali liliulizwa na kujibiwa papo hapo. Tumerithi dhana ya mwalimu wa chumba kile, tukaipeleka kwenye kumbi za watu mia nne ambako wa nyuma hawaioni hata projekta, halafu tunashangaa kwamba wanafunzi wanaishi kwa madesa wanayopeana. Ufafanuzi wenyewe wa somo umehamia nje ya ukumbi. Unafanyika usiku kwenye vimbweta, kwa Kiswahili, mwanafunzi akimfafanulia mwenzake kile ambacho mchana kilisomwa kwa Kiingereza kutoka ukutani. Wale vijana wanaofafanua usiku wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Jibu la pili ni la kisomi zaidi. Linasema mtafiti bora ndiye mwalimu bora, kwa hiyo ukimjenga kijana kwa utafiti umemjenga na kwa ufundishaji. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini imepimwa na haikusimama. Mwaka 1996 John Hattie na Herbert Marsh walikusanya tafiti 58 zilizolinganisha ubora wa watu katika utafiti na ubora wao katika kufundisha. Uhusiano walioupata ulikuwa 0.06, yaani karibu na sifuri kabisa. Kujua mtu ni mtafiti hodari hakukwambii lolote kuhusu darasa lake. Wako mahiri wa yote mawili, wako mahiri wa moja, wako dhaifu wa yote.

Kuna wanaoichukua takwimu hiyo na kusema basi tuvitenganishe: watafiti wakae maabara, walimu wakae darasani. Mimi nasoma kinyume. Kama umahiri wa jambo moja ungeleta umahiri wa la pili wenyewe, kusingekuwa na haja ya mafunzo. Ni kwa sababu hauleti ndiyo mafunzo yanahitajika, na yanahitajika mapema, kabla mazoea hayajawa magumu.

Jibu la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu waliochoka kihalali. Wanasema: madarasa yetu ni makubwa mno. Mbinu za kufundisha ni anasa ya vyuo vyenye wanafunzi 25 darasani. Mpe kijana uzoefu wa miaka kumi, atajifunza kumudu umati.

Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada. Kozi ilikuwa fizikia ya mwaka wa kwanza, mikondo miwili, kila mmoja na wanafunzi zaidi ya 260. Kwa wiki nyingi mikondo yote ilikuwa na wahadhiri wazoefu waliopendwa na wanafunzi wao. Katika wiki ya kumi na mbili mkondo mmoja ulibaki na mhadhiri wake. Wa pili ukapewa Louis Deslauriers, mtafiti kijana aliyetoka kumaliza uzamivu, akisaidiwa na Ellen Schelew, mwanafunzi wa uzamili. Walikuwa na uzoefu mdogo wa kufundisha, lakini walikuwa wamefunzwa namna watu wanavyojifunza fizikia. Wanafunzi walipewa kurasa chache za kusoma kabla. Darasani hawakuhubiriwa, walipewa swali gumu, wakajadiliana wawili watatu, wakajibu wote kwa vifaa vya kielektroniki, kisha mwalimu akafafanua kwa kuanzia pale walipokosea. Wiki hiyo ilipokwisha, mikondo yote ilipewa jaribio moja. Mkondo wa mhadhiri mzoefu ulipata wastani wa asilimia 41. Mkondo wa vijana wawili ulipata 74.

Mtu anaweza kusema lilikuwa jaribio la wiki moja na mada moja tu, na ni kweli. Lakini halikubaki peke yake. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta wanafunzi wanaosikiliza mihadhara tu wana uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wanaoshirikishwa. Na aliyesimama nyuma ya jaribio la Canada hakuwa mtu aliyeshindwa utafiti akakimbilia ualimu. Alikuwa Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001 kwa kazi yake ya maabara, na ambaye kwa hiari yake aligeukia swali la jinsi sayansi inavyofundishwa.

Kilichonigusa katika jaribio lile ni ukubwa wa darasa. Watu 260 si darasa la kifahari. Ni idadi tunayoifahamu. Vifaa vya kielektroniki hatuna, lakini kadi nne za manila, nyekundu, kijani, bluu na njano, zinatosha kumwonyesha mwalimu kwa mara moja nani kachagua jibu gani. Kilichokosekana kwetu ni mtu aliyefunzwa kuuliza swali linalofaa na kusikiliza majibu. Uzoefu wa miaka kumi ya kusoma slaidi humfanya mtu awe hodari wa kusoma slaidi.

Basi linabaki jibu la nne, ambalo ndilo kiini cha ushauri wa chapisha kwanza: kufundisha kunaiba muda wa utafiti. Saa ulizokaa darasani hukukaa maabara. Kwa hesabu ya saa, sawa. Lakini utafiti hauendi kwa saa peke yake. Unaenda kwa maswali. Mwaka huo huo wa 2011, katika jarida lile lile la Science, David Feldon na wenzake walieleza kazi yao juu ya wanafunzi 95 wa shahada za juu za sayansi nchini Marekani. Baadhi walifanya utafiti tu, wengine walifanya utafiti huku wakifundisha. Kila mmoja aliandika pendekezo la utafiti mwanzoni mwa mwaka wa masomo na kuliandika upya mwishoni, na mapendekezo yakapimwa. Waliofundisha walikua zaidi katika mambo mawili ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yetu: kuunda dhana inayoweza kupimwa, na kubuni jaribio linaloipima kweli.

Sioni ajabu. Anayemfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kubuni jaribio analazimika kusema wazi mambo ambayo kwake yalikuwa mazoea tu. Akiulizwa kwa nini sampuli hii na si ile, hawezi kujibu kwamba msimamizi wangu hufanya hivi.

Na sisi, kuliko watu wengi duniani, tulipaswa kulijua hili, kwa sababu mfano wake mashuhuri ni wa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kuikosa, akatia mchanganyiko wake ungali moto. Uliganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa moto. Akamwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipofika kidato cha juu, Mkwawa, Iringa, shule ilitembelewa na mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Mpemba akasimama, akauliza kwa nini maji ya moto huwahi kuganda kuliko ya uvuguvugu yakitiwa friji moja. Wenzake wakacheka.

Osborne hakucheka, wala hakujifanya anajua. Alisema atakwenda kulipima. Aliporudi Dar es Salaam jaribio likafanyika, na mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education, majina mawili juu yake: la Mpemba na la Osborne. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo, wengine wakitilia shaka kama lipo kweli na kwa masharti gani, na ubishi huo umezaa makala nyingine nyingi. Jina la mwanafunzi wa Magamba limo katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima.

Watu husimulia kisa hiki kusifu udadisi wa kijana, na wana haki. Mimi namtazama zaidi mhadhiri. Siku ile alikuwa akifundisha, na hata kufundisha kwenyewe kulikuwa nje ya chuo, kwenye shule ya sekondari iliyo mbali na maabara yake. Kwa hesabu za leo hiyo ni siku iliyopotea; hakuna mahali pa kuiandika kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Na siku hiyo ndiyo iliyompa swali lililobeba jina lake kuliko chochote alichokifanya peke yake. Walimu waliomkatisha tamaa Mpemba walijua fizikia ya kutosha. Walichokosa ni namna ya kupokea swali ambalo wao wenyewe hawana jibu lake. Huo ni ujuzi, unafundishika, na hakuna tasnifu inayoupima.

Sasa, mtu ana haki ya kuuliza mafunzo ninayoyataka yanafananaje, maana lawama bila sura ni rahisi. Siyo semina ya siku tatu hotelini yenye chai ya saa nne na cheti cha kuhudhuria. Tumekuwa nazo hizo, na wanaohudhuria wanarudi Alhamisi kwenye slaidi zile zile.

Mfano mmoja ulioandikwa vizuri unatoka Marekani. Mwaka 1999 taasisi za taifa za afya za nchi hiyo zilianzisha mpango uitwao IRACDA kwa ajili ya wanasayansi waliotoka kumaliza uzamivu. Kijana alilipwa mshahara wa kufanya utafiti katika chuo kikubwa cha utafiti kwa takribani asilimia 75 ya muda wake. Asilimia 25 iliyobaki ilikuwa ya kujifunza kufundisha, na hakujifunzia pale pale. Alipelekwa kwenye chuo mshirika ambacho kazi yake kuu ni kufundisha, mara nyingi chuo cha watu walioachwa nyuma na elimu ya Marekani. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, alikwenda kufundisha Spelman, Morehouse au Clark Atlanta, vyuo vya kihistoria vya watu weusi vilivyo mji huo huo. Alikuwa na walezi wawili, mmoja wa maabara na mmoja wa darasa. Alianza kwa kusomea ufundishaji, kisha akaandaa kozi yake na kuifundisha chini ya macho ya mlezi. Mpango wa aina hiyo katika Chuo Kikuu cha North Carolina ulifanyiwa tathmini iliyochapishwa mwaka 2011: machapisho ya vijana wake yalilingana na ya wenzao waliofanya utafiti tu, na katika kupata kazi za uhadhiri waliwazidi.

Sisemi tuchukue mpango wa Marekani tuubandike jina la Kiswahili. Nasema muundo wake, wa utafiti mahali pamoja na ufundishaji mahali pengine chini ya walezi wawili, unatufaa kuliko ulivyowafaa wao, kwa sababu vipande vyake vyote tunavyo na tumevitawanya. Pale Kilifi, Kenya, kituo cha KEMRI-Wellcome kimefanya utafiti wa afya tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huo huo. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyojengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu wa sayansi, na wengi wanaosoma uzamivu pale ni waajiriwa wa vyuo vingine watakaorudi kufundisha shahada ya kwanza bila kuonana na darasa hilo kwa miaka yote ya masomo yao. Taasisi ya Afya Ifakara imejaa watafiti vijana hodari wa malaria. Na Iringa, mahali pale pale Mpemba alipouliza swali lake, tangu 2005 pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachoandaa walimu wa sayansi wa nchi nzima. Mtafiti wa Ifakara akifundisha Mkwawa kozi moja ya baiolojia kwa mwaka, akiwa na mlezi pale chuoni, chuo kitapata sayansi hai na mtafiti atapata ufundi anaoukosa. Kwa ujuzi wangu wa watu wa pande zote mbili, wangekubaliana haraka kuliko ofisi zao.

Wala tusidhani kwamba hatuwezi kuendesha mafunzo marefu yenye mpangilio. Upande wa utafiti tumeshaweza. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa 2008 na unaoongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umekuwa ukiwachukua waajiriwa vijana wa vyuo vya Afrika, wakiwemo wa Dar es Salaam, Nairobi, Moi, Makerere na Rwanda, na kuwapitisha katika semina nne za wiki kadhaa kila moja katika kipindi cha uzamivu wao: kuunda swali, kuchambua data, kuandika, kuomba fedha, kuishi kama mtafiti ndani ya chuo chenye shida. Hawakuambiwa watajua wenyewe wakifika. Walifunzwa. Kwa nini tunaona ni sawa kumfunza mtu kuandika ombi la fedha, na tunaona ni udhalili kumfunza kuandaa mhadhara?

Wapo watakaosema tungoje. Tuna upungufu wa watu wenye uzamivu, kwanza tujaze nafasi, ubora utafuata. Kenya imeijaribu njia hii waziwazi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo uliofanya uzamivu kuwa sharti la kuwa mhadhiri na kuwapa waliokuwa kazini miaka mitano kulitimiza. Nguvu zote za mjadala uliofuata, wa vyama vya wahadhiri, wa vyombo vya habari, wa mahakamani, zikaishia kwenye shahada: nani anayo, nani hana, atoe wapi. Hakuna aliyeuliza shahada hiyo inamwandaa mtu kwa kazi gani. Na haraka ya kuongeza idadi inajila yenyewe. Wanafunzi wengi wa uzamivu wanahitaji wasimamizi wengi, na msimamizi ambaye hakufunzwa kusimamia hukaa na sura moja ya tasnifu miezi sita, akairudisha na alama ya kuuliza pembeni. Kijana aliyepaswa kumaliza kwa miaka minne anafika saba. Anayetaka uzamivu wengi kwa haraka ndiye angekuwa wa kwanza kudai wasimamizi wafunzwe.

Tatizo la mwisho ni tunachokilipa. Katika miaka hii ya karibuni serikali ya Tanzania imeanzisha tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha katika majarida ya juu ya kimataifa. Naiunga mkono, watafiti wetu walisahaulika muda mrefu. Lakini kijana mwenye watoto wawili na mkopo wa benki anaisoma ishara hiyo vizuri sana. Aliyefundisha kozi ngumu ya kemia kwa watu mia tatu, akapunguza waliofeli kwa nusu, hana tuzo, hana pointi, na pengine hana hata barua ya mkuu wa idara. Mradi wa HEET, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2021, unajenga maabara na madarasa na kusomesha wanataaluma. Majengo hayo yatasimama. Swali langu ni nani atasimama ndani yake, na amefunzwa na nani.

Kwa hiyo nadai mambo yanayoweza kuandikwa kwenye mkataba. Mkufunzi msaidizi katika mwaka wake wa kwanza asipewe kozi kuwa yake. Apewe nusu ya mzigo, na mlezi anayelipwa saa zake za kukaa darasani kwake. Kila anayesoma uzamivu kwa tiketi ya chuo afundishe kozi moja chini ya uangalizi kabla ya kuhitimu, awe yuko Mlimani, Dar es Salaam, au Uppsala, Sweden. Msimamizi mpya asimamie mwanafunzi wake wa kwanza pamoja na mzoefu. Na fomu ya kupandisha cheo idai ushahidi wa ufundishaji, yaani mitihani aliyoitunga, majibu ya wanafunzi, maoni ya mwenzake aliyekaa darasani, upelekwe kwa wasomaji wa nje kama makala zinavyopelekwa, na upewe uzito unaoweza kumzuia mtu kupanda.

Vipengele vitatu vya kwanza vinahitaji fedha, na wakuu wa vyuo watasema hazipo. Basi tuanze na cha nne. Hicho hakihitaji mfadhili wala jengo. Kinahitaji kikao kimoja cha seneti.